Kupaka Rangi Chesisi ya Motokaa Iliyoundwa Nyumbani

Mhariri alipotangaza kwamba gazeti letu la muhula huu lina nafasi ya makala juu ya kazi za mikono, wenzangu wa bweni walinitaja mimi, maana wamechoka kunisikia nikizungumza habari za motokaa ya mjomba wangu. Basi naandika. Lakini sitaandika juu ya injini wala mwendo, mambo ambayo kila mtu hupenda kuyasikia. Nitaeleza namna ya kupaka rangi chesisi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na kwa sababu nimeifanya mara mbili: mara ya kwanza vibaya, mara ya pili kama ipasavyo.

Chesisi ni kile kiunzi cha chuma kinachobeba injini, viti, magurudumu na watu. Ni mifupa ya motokaa. Chesisi yetu iliundwa katika banda lililo nyuma ya nyumba ya mjomba, Tanga, kwa mabomba ya mraba yenye upana wa milimita 25 na ukuta wa milimita 1.6. Umbo lake limefuata lile la Lotus Seven, motokaa ndogo ya watu wawili ambayo Mwingereza Colin Chapman alianza kuiuza mwaka 1957, aghalabu ikiwa vipande ambavyo mnunuzi aliviunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alitoa kitabu cha kueleza jinsi mtu wa kawaida awezavyo kuunda motokaa ya namna hiyo kwa mabomba ya mraba na vipuri vya gari kuukuu. Mjomba alikuwa fundi katika karakana ya reli mpaka alipostaafu, na kitabu hicho kilipomfikia hakulala vizuri tena.

Nilipokwenda likizo ya Desemba mwaka juzi nikakuta kiunzi karibu kimekamilika. Mjomba alinifundisha kuchomelea, nikafanya mishono michache sehemu ya mbele. Kisha akaniambia, "Mjomba, rangi ni yako." Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo msomaji asichanganyikiwe.

Nilifurahi mno. Nilitaka kiunzi kile kiwe chekundu na king'ae kama vyombo vya harusi. Nikachukua mashine ya kusagia nikailaza mishono yangu mpaka ikawa sawasawa na bomba, usiweze kujua chuma kimeunganishwa wapi. Mshono mmoja, ule wa sikio linaloshika mkono wa chini wa gurudumu la mbele upande wa kushoto, ulikuwa na vishimo vidogo. Niliviona. Nikasema moyoni kwamba rangi nzito itavijaza. Kisha nikakifuta kiunzi chote kwa tambara lenye dizeli, kikang'aa, nikapaka rangi nyekundu asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, tabaka moja nene sana. Wageni walikisifu. Mjomba alikitazama, akasema, "Kizuri," akaondoka. Baadaye injini ilitiwa, na mjomba akaiendesha motokaa polepole mara kadhaa uwanjani, binti yake akiwa kiti cha pili.

Niliporudi mwezi wa Juni, masika yamekwisha, rangi ilikuwa ikibanduka kama gamba la nyoka. Ungeweza kuivuta kwa kucha ikatoka kipande kirefu kama kiganja, na chini yake chuma kilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Hapana aliyenigombeza. Mjomba alileta brashi mbili za waya, akanipa moja, akasema tuanze upya.

Sasa nieleze kwa nini ilibanduka, maana makosa yangu yote matatu ni ya kawaida. Dizeli ni mafuta, nayo huacha utando ambao rangi haiwezi kuupita ili ishike chuma. Asubuhi na mapema katika mji wa pwani chuma kina umande, hata kama jicho haliuoni. Na tabaka nene hukauka juu likabaki bichi ndani, kwa hiyo hukunjamana na kupasuka. Maji yakishapata mlango, kutu huanza. Wale tuliosoma kemia twajua kwamba chuma hushika kutu penye maji na oksijeni pamoja, na chumvi huharakisha kazi hiyo kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Upepo wa Tanga una chumvi usiku na mchana. Tena kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo huinua rangi iliyo jirani na kufungua njia mpya. Ndiyo sababu doa la ukubwa wa punje ya mtama huweza kuwa kama sahani baada ya masika moja.

Tulipokwisha kuikwangua rangi, mjomba alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliomba chaki. Alisema kwamba kabla chuma hakijafunikwa hapana budi kila mshono utazamwe, kwa kuwa rangi ikishapakwa hutauona tena mpaka siku ya kuvunjika. Njia aliyoitumia ni ya zamani, nayo ilitumiwa sana na mafundi wa reli kutafuta nyufa katika ekseli na magurudumu. Ulipaka mshono mafuta ya taa kwa brashi, ukaacha muda wa nusu saa hivi ili yapenye. Kisha ulifuta kwa tambara kavu mpaka mkono usisikie unyevu. Halafu ulipaka chaki iliyosagwa na kukorogwa katika spiriti, ikakauka mara moja ikawa utando mweupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda juu na kuilowesha chaki, nawe huona mstari mweusi-mweusi. Njia hii huonyesha nyufa zilizofika juu tu. Kasoro iliyo ndani kabisa ya mshono haionekani hivyo.

Tulipima mishono yote. Tulipofika kwenye lile sikio la kushoto, chaki ilibaki nyeupe kwa kitambo, kisha mstari ukatokea taratibu, mwembamba kama unywele, ukafuata kingo ya mshono kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Mjomba alinyamaza. Mimi nilijua kabla yake. Nikamwambia kwamba mshono ule ulikuwa na vishimo, kwamba niliviona, na kwamba niliusaga ukawa mwembamba ili upendeze kisha nikaufunika. Alitazama kiti cha pili kilichowekwa ukutani, akaniuliza, "Mbona hukuniambia, mjomba?" Sikuwa na jibu. Mkono ule ndio unaoshika gurudumu. Ungekatika katika mwendo, gurudumu lingelala upande na motokaa isingeongozeka.

Alikata mshono ule wote, akasafisha chuma mpaka kikawa cheupe, akauchomelea tena mwenyewe. Baadaye aliupima tena kwa chaki, na chaki ikakauka nyeupe. Tangu siku ile sisagi mshono wa bomba jembamba ili upendeze. Gamba linaloachwa na fimbo ya kuchomelea liondolewe lote kwa nyundo ndogo na brashi ya waya, maana hunyonya unyevu na kuibandua rangi, na vitone vya chuma vilivyoruka vikwanguliwe. Lakini mgongo wa mshono uachwe. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Basi kazi yenyewe tuliifanya hivi.

Kwanza tulikiosha kiunzi kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ili kuondoa mafuta ya taa, chaki na jasho la mikono. Watu wengi huanza kwa msasa, lakini ukipiga msasa juu ya mafuta utayasukuma yaingie katika mikwaruzo, na huko ni taabu kuyatoa. Tulisuuza kwa maji baridi mengi ili chumvi iondoke. Ndipo mjomba akanionyesha kipimo ambacho hakina gharama: mwaga maji safi juu ya bomba na uyatazame. Yakitandaa yote kama kitambaa, chuma ni safi. Yakijikusanya matone-matone kama juu ya jani la mgomba, bado pana mafuta, rudia sabuni. Mimi nilirudia mara tatu.

Chuma kilipokauka tulipiga brashi ya waya na msasa. Mabomba mapya hutoka kiwandani yakiwa na gamba la rangi ya samawati nyeusi. Gamba hilo huonekana kama ulinzi, lakini huwa na mipasuko myembamba, na kutu huanzia chini yake. Pale lilipolegea tulilitoa mpaka kwenye chuma. Msasa pia huacha mikwaruzo midogo inayoipa rangi mahali pa kushika, kwa hiyo bomba linalong'aa sana si dalili njema. Mwisho tulifuta vumbi kwa tambara safi lenye tina, tukalibadilisha tambara kila mara. Tambara moja likitumika mwanzo hadi mwisho hueneza tu uchafu.

Pwani chuma kitupu hakisubiri. Ukikiacha wazi usiku mmoja, asubuhi utakuta wekundu. Kwa hiyo tulikigawa kiunzi sehemu nne, tukasafisha sehemu moja na kuipaka rangi ya msingi siku hiyo hiyo. Mjomba aliweka saa za kazi: kuanzia saa nne asubuhi, umande ulipokwisha kabisa, hadi saa tisa alasiri. Kanuni ya wataalamu ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua digrii 3 juu ya kile kiwango ambacho umande huanza kufanyika, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Sisi hatukuwa na vipimo. Tulipitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya bomba, na alama ya maji ilipokauka upesi tulianza kazi.

Sasa hesabu, kwa ajili ya wale wanaodai kwamba hesabu hazitumiki nje ya darasa. Bomba lenye upande wa milimita 25 lina mzunguko wa milimita 100, yaani meta 0.1. Chesisi yetu ina meta 42 za bomba, kwa hiyo uso wake ni meta za eneo 4.2, ukiongeza masikio na mabati ya chini ni kama 5. Mkebe wetu ulieleza kuwa lita moja hutosha meta za eneo 10. Tabaka mbili za rangi ya msingi ni lita moja, na tabaka mbili za rangi ya juu ni lita nyingine. Mara ya kwanza, bila kuhesabu, nilinunua mkebe wa lita 4 na nikaumaliza! Hesabu hiyo hiyo husaidia kujua uzito: bomba hili lina takriban kilo 1.2 kwa meta, basi kiunzi chote ni karibu kilo 50, na watu wawili huweza kukigeuza juu ya vigoda bila msaada. Yafaa kugeuza mara nyingi, maana upande wa chini ndio unaopigwa na maji na mawe, nao ndio ambao mpakaji mvivu huusahau.

Rangi ya msingi ilikuwa ile nyekundu-kahawia ya oksidi ya chuma, ambayo mafundi huiita redi oksaidi. Isichanganywe na ile rangi ya zamani ya risasi nyekundu, iliyokinga chuma vizuri lakini ina sumu. Mtu akikuta rangi kuukuu ya namna hiyo asiipige msasa kavu akavuta vumbi lake. Kabla ya kupaka mabomba tulipaka kwanza kila mshono na kila kingo kwa brashi ndogo. Rangi inapokauka hujivuta kutoka kwenye kingo kali, kwa hiyo kingo hubaki na ngozi nyembamba kuliko mahali pengine, na ndipo kutu huanzia. Baada ya hapo tulipaka chote, tabaka jembamba. Kila tabaka la rangi ya mafuta likikauka huwa na unene wa takriban sehemu 4 za 100 za milimita tu. Nililipata somo hilo kwa shida: unene hupatikana kwa tabaka nyingi.

Rafiki zangu wameniuliza kwa nini hatukutumia bomba la kupulizia. Kwa bati pana kama mlango, kupuliza ni bora. Lakini katika kiunzi cha mabomba membamba sehemu kubwa ya rangi hupita katikati ya mabomba ikaenda hewani, ukutani na mapafuni mwako. Brashi huisukuma rangi iingie katika mashimo ya mshono, na alama zake hazionekani chesisi ikishavikwa bati. Tena ziko rangi za kuchanganya mikebe miwili, ngumu na nzuri sana, ambazo dawa yake ya kukaushia ina isosayaneti. Zikipulizwa huweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mpulizaji huhitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Hizo tuwaachie wenye vyumba maalumu. Wenye fedha hupeleka kiunzi kikapakwe rangi ya unga inayookwa kwa joto la digrii 180 hadi 200. Ni imara, lakini jiwe likiitoboa, maji hutambaa chini yake bila kuonekana, na kuitengeneza kwa brashi nyumbani si rahisi.

Hata kwa brashi, banda ni mahali pa hatari. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kufuata moto. Mama mkubwa alikuwa na jiko la mkaa hatua chache kutoka mlangoni, na mjomba hakuruhusu mkebe ufunguliwe mpaka jiko lihamishwe upande wa pili wa nyumba, ingawa chai ilichelewa na maneno yalisemwa. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Matambara yenye rangi ya mafuta hatukuyarundika: tuliyaanika moja moja kwenye waya nje, kwa sababu mafuta yanayokauka hutoa joto, na rundo la matambara huweza kujiwasha lenyewe usiku watu wamelala.

Rangi ya juu mjomba aliichagua mwenyewe, nami sikuipenda. Ni kijivu hafifu. Nilitaka nyekundu yangu. Alinieleza kwamba juu ya rangi nyepesi ufa ukianza hutoa mstari wa kutu unaoonekana kwa macho, na mafuta ya injini yakivuja huonekana, lakini rangi nzito huficha yote mawili. Baada ya ule mstari wa chaki sikubishana. Tuliacha siku nzima kati ya tabaka na tabaka, tukagusa kidogo kwa msasa laini kila mara, na baada ya tabaka la mwisho tukaacha wiki mbili kabla ya kufunga kitu chochote kizito. Rangi iliyokauka kwa kidole bado ni laini chini ya bolti.

Hapo napo pana jambo ambalo sikulijua. Mahali chuma kinapobanwa kwa bolti pasiwe na rangi nene, kwa kuwa rangi hubonyea polepole na bolti hulegea. Kwa mikanda ya viti na mikono ya magurudumu hilo ni jambo la hatari. Tulifunika nyuso hizo kwa utepe wa karatasi, tukaacha rangi ya msingi tu, na mashimo yenye hesi tukayaziba kwa bolti kuukuu zilizopakwa grisi. Waya wa ethi wa betri nao wataka chuma kitupu. Tulikwangua mahali pa ukubwa wa shilingi, tukafunga waya, kisha tukapaka grisi juu yake.

Kuna upande mmoja ambao brashi haiufikii, nao ni ndani ya mabomba. Bomba lililozibwa kabisa kwa mishono pande zote halishiki kutu sana, kwa kuwa oksijeni iliyomo huisha. Bali kila tundu la ribiti ni mlango wa maji. Tulipofunga bati la sakafu tulichovya kila ribiti katika rangi mbichi kabla ya kuipiga.

Motokaa haijaingia barabarani bado. Imepita vuli moja na masika moja bandani na uwanjani, na likizo iliyopita niliikagua kwa taa, nikilala chini kwa mgongo, bomba baada ya bomba. Kijivu kimeshika. Sikio la kushoto ni safi. Nilikuta doa moja la kutu chini ya kiti cha pili, kwenye ribiti ambayo bila shaka niliisahau kuichovya. Safari hii nilikwenda nikamwita mjomba kabla ya kugusa chochote, akaja na brashi ya waya.